Usione vyaelea, vimeundwa: Mirija ya kaboni isiingie mwilini ikiwa uchi

Mpenzi msomaji, kaboni si kitu kigeni kwako. Ndiyo makaa yaliyo jikoni mwako, ndiyo masizi yanayoganda kwenye sufuria na koroboi, na ndiyo risasi nyeusi iliyo ndani ya penseli ya mtoto wako. Hata almasi inayometameta kidoleni mwa tajiri ni kaboni vilevile. Tofauti baina ya vitu hivi haimo katika asili yao, kwani asili ni moja. Imo katika namna chembechembe zake, yaani atomu, zilivyopangwa.

Mwaka 1991 mtafiti wa Kijapani, Sumio Iijima, aliyekuwa katika maabara ya kampuni ya NEC, alitangaza mpango mwingine wa atomu hizo. Kwa kutumia darubini ya elektroni aliona mirija midogo mno, ambayo ukuta wake ni kama karatasi ya kaboni iliyokunjwa mithili ya mkeka. Mirija aliyoieleza ilikuwa na kuta kadhaa, mmoja ndani ya mwingine, kama masufuria yanavyopangwa dukani. Miaka miwili baadaye, mwaka 1993, ikapatikana ile yenye ukuta mmoja tu. Wataalamu huiita nanotyubu. Hapa tutaiita mirija ya kaboni, maana mrija kila mtu anaujua tangu siku aliponunuliwa soda yake ya kwanza.

Mrija wa ukuta mmoja una upana wa nanomita moja au mbili hivi. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita kama 80,000. Kwa hivyo, ukilaza mirija hii ubavu kwa ubavu, makumi ya maelfu itaenea juu ya upana wa unywele mmoja. Kitu chembamba kiasi hicho kinaweza kupenya ndani ya seli ya mwili, na ndiyo sababu wanaotafuta dawa za saratani wamekikodolea macho kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nina maoni juu ya jambo hili, na nitayasema mapema. Utafiti huu unastahili kuungwa mkono. Hata hivyo, mtu yeyote asikubali kuingizwa mwilini mrija wa kaboni mpaka aelezwe mambo matatu: umevishwa nini, una urefu gani, na utatoka kwa njia ipi. Asiyeweza kujibu maswali hayo hana dawa mkononi. Ana masizi ya bei ghali.

Kwa nini mrija uvishwe nguo

Mrija wa kaboni unapotoka kiwandani hauna faida yoyote kwa mgonjwa. Kwanza, unachukia maji. Ukiumimina katika glasi ya maji, hukusanyika mafungu mafungu na kuzama au kuelea kama masizi, na damu yetu kwa sehemu kubwa ni maji. Pili, aghalabu huja na mabaki ya chuma, nikeli au kobalti iliyotumika kuuotesha, na madini hayo yaweza kuidhuru seli. Ukiuingiza mwilini hivyo hivyo, utaganda mahali na kuziba njia.

Hapo ndipo wanakemia huingia kazini. Wana njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni kuuchemsha mrija katika asidi kali, kama ile ya nitriki iliyochanganywa na ya salfuriki. Asidi hiyo husafisha mabaki ya madini, hukata mirija iwe mifupi, na huacha vikundi vya oksijeni kwenye ncha na kwenye ukuta. Vikundi hivyo ni kama misumari iliyopigiliwa ukutani. Juu yake mwanakemia anaweza kutundika atakacho: dawa, alama ya kuonekana kwenye picha, au nyuzi ndefu za polithilini glikoli zinazopenda maji.

Njia ya pili haipigilii msumari wowote. Mrija hufunikwa na molekuli zenye pande mbili, upande mmoja ukipenda mafuta na mwingine ukipenda maji. Hii ndiyo kazi ya sabuni unapoosha sufuria yenye mafuta: upande mmoja hukamata mafuta, mwingine hukamata maji, na uchafu ukaenda zake. Vivyo hivyo molekuli hizo huukumbatia mrija na kuufanya uelee katika damu bila kugandana.

Kila njia ina gharama yake. Msumari hushika imara lakini hutoboa ukuta, na mrija uliotobolewa sana hupoteza baadhi ya sifa zake, hasa ule uwezo wa kung'aa na kumeza mwanga. Kumbatio haliharibu ukuta, lakini laweza kuachia. Damu imejaa protini, na protini hizo huweza kuisukuma nguo kando na kukaa mahali pake. Mrija uliovaa vizuri katika chupa ya maabara unaweza kujikuta nusu uchi ndani ya mshipa.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Unaposoma kwamba mirija ya kaboni imebeba dawa hadi kwenye uvimbe, jua kuwa hakuna mrija ulioelea wenyewe. Umeundwa, na aliyeuunda ndiye anayepaswa kuhojiwa.

Manufaa yaliyoonekana

Hapana shaka kuna mambo ya kutia moyo. Mwaka 2005 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, chini ya Hongjie Dai, waliivisha mirija nguo yenye foliki. Hii ni jamaa ya ile dawa ambayo akina mama wajawazito hupewa kliniki. Baadhi ya seli za saratani zina njaa kubwa ya foliki, hivyo ziliikaribisha mirija ndani kama mgeni aliyebeba zawadi. Kisha watafiti wakamulika mwanga wa aina ya infraredi, ambao hupita katika nyama bila kudhuru lakini humezwa na mrija na kugeuka joto. Seli zilizoimeza mirija zikafa. Zile zisizokuwa na njaa ya foliki zikasalimika. Hayo yalifanyika katika sahani za maabara, si katika mtu.

Mwaka 2008 watafiti wa chuo hicho hicho walipachika paclitaxel, dawa ya saratani inayofahamika katika hospitali zetu, kwenye mirija iliyovikwa polithilini glikoli, na wakawapa panya wenye uvimbe wa saratani ya matiti. Dawa iliyofika kwenye uvimbe ilikuwa kama mara 10 ya ile iliyofika ilipotolewa kwa njia ya kawaida, na uvimbe ulidhibitiwa vizuri zaidi.

Yeyote aliyemuuguza mgonjwa wa saratani anajua maana ya habari hiyo. Shida ya dawa hizi ni kwamba huupiga mwili mzima ili zipate kuupiga uvimbe mmoja. Nywele hunyonyoka, mdomo hujaa vidonda, chakula hakikai tumboni. Ikiwa dawa itaweza kupelekwa mlangoni mwa adui na kuachwa hapo, mgonjwa atapona bila kwanza kuteketezwa. Nchini Kenya watu zaidi ya 40,000 hugunduliwa kuwa na saratani kila mwaka, kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa ugonjwa huo. Haya basi si mambo ya kuwachekesha maprofesa tu.

Wala wazo la kuivisha dawa nguo ndogo mno si ndoto. Dawa ya doxorubicin iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta vyenye nguo ya polithilini glikoli iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Chanjo za Covid-19 za Pfizer na Moderna, zilizodungwa katika mikono ya Wakenya kuanzia mwaka 2021, zilisafiri ndani ya vitone vya jamii hiyo. Lakini kitone cha mafuta huyeyuka na kuliwa na mwili. Mrija wa kaboni hauyeyuki hivyo, na hapo ndipo penye mzizi wa fitina.

Kivuli cha asbestosi

Msomaji wangu wa mjini, asbestosi unaijua. Ni yale mabamba ya kijivu yaliyoezekwa katika nyumba na shule nyingi za zamani, na mengine yangali juu ya vichwa vya watu hadi leo. Iliposifiwa, ilisifiwa kwa haki: haishiki moto, haiozi, na ni ya bei nafuu. Ubaya wake ulijificha katika umbo. Unyuzi wa asbestosi ni mwembamba kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu, ni mrefu kiasi cha kutomezeka, na ni mgumu kiasi cha kutooza.

Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walichapisha habari za wagonjwa 33 wa saratani adimu ya utando unaofunika mapafu, kutoka sehemu za machimbo ya asbestosi katika jimbo la Cape. Baadhi yao hawakuwahi kushika sururu mgodini. Walikuwa wameishi tu karibu na machimbo, wengine wakiwa watoto. Ugonjwa ulichukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Afrika Kusini ilipiga marufuku asbestosi mwaka 2008, yaani miaka 48 baada ya taarifa hiyo.

Mwaka huo huo wa 2008 watafiti wa Edinburgh, Uingereza, wakiwa na Ken Donaldson, walitangaza jambo lililowatikisa wanasayansi. Waliingiza mirija ya kaboni yenye kuta nyingi katika matumbo ya panya. Mirija mirefu na iliyonyooka ilisababisha uvimbe na makovu kwenye utando wa tumbo, sawa na ilivyofanya asbestosi. Ile mifupi au iliyosokotana haikufanya hivyo.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Mwili una seli walinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Mlinzi huyo akikutana na unyuzi mrefu kuliko yeye mwenyewe, hujaribu kuumeza, akashindwa, akabaki ameachama kama chatu aliyekwamwa na pembe za swara. Katika kuhangaika humwaga sumu zake mwenyewe na kuunguza jirani zake. Hali hiyo ikidumu miaka mingi, saratani hupata pa kuanzia.

Mwaka 2014 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka aina moja ya mirija yenye kuta nyingi, iitwayo MWCNT-7, katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Aina nyingine zote ziliachwa katika kundi la vitu ambavyo ushahidi wake haukutosha kutoa hukumu. Angalia vizuri maneno hayo. Kutohukumiwa si sawa na kuachiliwa huru.

Nguo yaweza kuokoa, nguo yaweza kuhadaa

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja yangu. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Ulaya, miongoni mwao Kostas Kostarelos, Alberto Bianco na Maurizio Prato, lilichukua mirija mirefu ya aina ile ile inayoogopwa na kuivisha nguo za aina mbili. Nguo ya kwanza ilikuwa ya minyororo inayopenda maji. Ya pili ilikuwa ya minyororo inayofanana na mafuta. Wakaingiza zote katika matumbo ya panya.

Nguo ya kwanza iliondoa ule ubaya wa kiasbestosi. Mirija iliachana badala ya kugandana, urefu wake ukapungua, na walinzi wa mwili wakaweza kuimudu. Nguo ya pili haikusaidia. Mirija ilibaki mirefu katika mafungu yake, na madhara yakabaki pale pale.

Hebu tafakari, msomaji. Mirija ile ile, panya wa aina ile ile, na zote mbili zikistahili kuitwa mirija iliyorekebishwa kwa kemia. Moja ikawa afadhali, nyingine ikawa ni yale yale. Kwa hivyo, mtu akikwambia kwamba bidhaa yake ni salama kwa sababu mirija yake imerekebishwa, hajakwambia chochote. Ni sawa na muuza nyama anayekwambia nyama yake imefungwa, bila kukueleza kama imefungwa kwa karatasi safi au kwa gunia la saruji.

Kuna pia suala la kutoka. Mwaka 2006 baadhi ya watafiti hao hao walionyesha kuwa mirija iliyovikwa vizuri, ikidungwa katika mshipa wa panya, hutoka katika damu upesi na kupita kwenye mkojo. Watafiti wengine waliotumia nguo tofauti waliona mirija ikikaa katika ini na wengu, na kutoka polepole kwa njia ya nyongo na kinyesi. Mwaka 2010 ikagunduliwa kwamba kimeng'enya kilicho ndani ya chembe nyeupe za damu kinaweza kuimeng'enya mirija, na mirija iliyomeng'enywa haikuleta uvimbe katika mapafu ya panya. Aidha, mirija ambayo ukuta wake umekwisha kufunguliwa kwa asidi humeng'enywa kwa urahisi kuliko ile isiyoguswa. Hizo ni habari njema. Hata hivyo, panya huishi miaka miwili au mitatu. Mwanadamu anayetibiwa akiwa na miaka 30 anatarajia kuishi mingine 40, na miaka 40 ndiyo muda ule ule ambao asbestosi huutumia kujificha.

Wanaotaka mlango ufungwe

Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa tuliwahi kuumwa na nyoka, basi tuogope hata unyasi. Mwaka 2019 shirika moja la Sweden liitwalo ChemSec liliiingiza mirija ya kaboni yote katika orodha yake ya kemikali zinazofaa kuondolewa sokoni. Wanasayansi kadhaa walipinga, wakidai kuwa mirija ya kaboni si kitu kimoja bali ni ukoo mkubwa, wenye urefu, kuta na nguo tofauti tofauti.

Mimi nakubaliana na hao waliopinga, lakini kwa sharti. Ikiwa ni kweli kwamba kila mrija una tabia yake, basi kila mrija upimwe peke yake. Huwezi kudai ukoo usihukumiwe kwa kosa la mmoja, halafu ukadai ukoo mzima usifiwe kwa wema wa mmoja. Jaribio lililofaulu kwa nguo fulani lisitumiwe kama cheti cha nguo nyingine. Kiwanda kikibadilisha urefu au nguo, kirudi mwanzo wa foleni.

Upande wa pili wapo wanaosema, ni makaa tu hayo, yana ubaya gani? Hao nawajibu kwamba hata almasi ni makaa tu, na bado hakuna anayeitafuna.

Yatuhusu nini sisi

Hadi leo hakuna dawa yoyote inayobebwa na mirija ya kaboni iliyoidhinishwa kutibu wagonjwa. Ukiona tangazo, liwe la redioni, la simu au la karatasi iliyobandikwa kwenye mlingoti wa stima, likiahidi tiba ya kansa kwa nguvu za nano, fahamu kuwa huo ni uongo mtupu. Sisi Wakenya tuna historia ya kukimbilia habari njema kabla hazijaiva. Mwaka 1990 tuliambiwa kwamba Kemron ingewaokoa wenye ukimwi, na majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha hivyo. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni kuelekea Loliondo, Tanzania, kwa ajili ya kikombe kimoja. Mgonjwa aliyekata tamaa hana kosa. Kosa ni la anayemuuzia matumaini.

Lakini siku yaja ambapo jaribio la kweli litafika kwetu, kwani majaribio ya dawa hufanyika humu nchini kila mwaka. Bodi ya Dawa na Sumu pamoja na kamati za maadili zijiandae mapema. Zidai, kwa kila mrija, kipimo cha urefu, aina ya nguo na namna ilivyoshikizwa, muda ambao nguo hiyo hudumu ndani ya damu ya binadamu, kiasi cha madini kilichobaki, na ushahidi wa njia ya kutokea. Zidai pia kwamba waliodungwa wafuatiliwe kwa miaka mingi, si kwa miezi sita ya utafiti kisha kila mtu ashike njia yake.

Isitoshe, tusiwasahau wafanyakazi. Mrija ulio ndani ya maji ya dawa haurushwi na upepo, ila unga mkavu huruka. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, ilipendekeza mwaka 2013 kwamba hewa ya kazini isizidi mikrogramu moja ya mirija hiyo katika mita moja ya ujazo, kwa kazi ya saa nane. Hicho ni kiasi kisichoonekana kwa macho. Chuo au kiwanda chochote cha hapa kitakachoagiza unga huo kimlinde kwanza kijana anayefungua mkebe na mama anayefagia maabara jioni. Wachimbaji wa Cape hawakuambiwa lolote.

Na wewe, ndugu msomaji, iwapo utaletewa fomu ya idhini, wewe au mzazi wako aliye kitandani, usitie sahihi kwa kuona haya. Daktari ni mtu wa kuheshimiwa, na njia mojawapo ya kumheshimu ni kumwuliza swali la maana. Uliza: mrija huu umevishwa nini, na nguo hiyo itadumu muda gani? Una urefu gani? Utatoka mwilini mwangu kwa njia ipi na baada ya muda gani? Omba ujibiwe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama yako, mpaka uelewe. Daktari anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa. Anayekasirika, mrudishie kalamu yake.